Mtoto wa mbwa analia usiku kucha

SWALI: Daktari, mbwa wangu amezaa watoto sita hapa Mtongwe, Likoni. Mmoja ni mdogo na halali. Nimpe maziwa ya pakiti? Na viroboto je, niwapulizie dawa?

JIBU: Maziwa ya pakiti weka kando, yatamharisha. Kwanza mguse. Akiwa baridi, mkumbatie kifuani mpaka apate joto ndipo anyonye, kwa sababu tumbo la mtoto aliyepoa halisagi maziwa. Kisha mshikishe chuchu za nyuma, ambazo kwa kawaida ndizo zenye maziwa mengi, na wale wanene uwatoe kidogo. Mpime kila siku kwa mizani. Asipoongezeka, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Sisi Wapwani hudhani joto letu linatosha. Mchana, sawa. Lakini usiku wa mvua za Mei sakafu ya saruji huwapoza watoto hao wasioweza hata kutetemeka. Tandika gunia kavu na kanga kuukuu.

Dawa ya kupulizia, hapana kabisa, inaweza kuua watoto. Tumia kitana, na matandiko uyafue kwa maji moto.

Mama ale mara tatu au nne kwa siku. Sima tupu haitoshi, changanya dagaa. Akianza kuhema, kutetemeka na kukakamaa miguu, amepungukiwa na kalsiamu: mkimbize saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Dawa ya minyoo ni wiki ya pili, mama na watoto pamoja. Chanjo ya kichaa cha mbwa, miezi mitatu.