Haki ya Ardhi Hulinda Miti Shambani

Kwa nini boma moja hutunza miti na la jirani hukata yote na kuchoma mkaa, ilhali mvua ni moja na udongo ni mmoja? Mara nyingi jibu liko katika haki ya ardhi.

Mti huchukua miaka kukomaa. Familia isiyo na hakika kwamba itaendelea kukaa shambani haina sababu ya kungoja. Mkaa huleta pesa wiki hii. Mti ukiachwa, huenda akauvuna mwingine. Na pale ambapo kufyeka huchukuliwa kuwa ishara ya umiliki, kila mtu hukimbilia kufyeka kabla ya mwenzake.

Nchi ya Niger ina funzo. Kwa miaka mingi miti ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, hata ile iliyoota shambani mwa mtu. Aliyekata bila kibali alitozwa faini, hivyo wakulima hawakuona faida ya kuitunza. Kuanzia miaka ya 1980 masharti hayo yalilegezwa, wakulima wakaanza kuihesabu miti kuwa yao. Waliacha visiki vichipue, wakapogoa na kulinda machipukizi. Takriban hekta milioni 5 zilipata miti tena, hasa Maradi na Zinder.

Hata hivyo, hatimiliki peke yake haitoshi. Ikiwa ingali kwa jina la babu aliyefariki, warithi huvutana, na kila mmoja hukata miti upande wake kabla ya mgao.

Hapa Kenya, Ibara ya 69 ya Katiba inalenga miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Ibara ya 60 inataka ubaguzi wa kijinsia katika umiliki wa ardhi ukomeshwe. Mama anayetunza miche naye ana haki zake.

Wakaazi wanashauriwa hivi:

• Ikiwa mwenye shamba amefariki, chukueni kwa chifu barua inayoorodhesha warithi wote, wakiwemo mabinti, kisha mfungue kesi ya urithi mahakamani.

• Kabla ya mgao, kubalianeni kwa maandishi kwamba hakuna atakayekata miti.

• Panapotumika ardhi ya pamoja, jamii ijisajili chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 na kuweka kanuni za malisho, kuni na mkaa.

Mvutano wa warithi ukimalizwa mapema, miti hupona.