Kiti Kikibaki Wazi, Nani Alipe?

Mjomba alifundisha shule ya msingi, kisha tangu 2006 akawa anasimamia vituo vya kura Uvira, mashariki mwa Kongo. Mpwa wake anasoma sheria. Mazungumzo yao yalifanyika barazani, Kalundu, karibu na bandari.

MPWA: Mjomba, jana darasani tulibishana mpaka muda ukaisha. Depite, yaani mbunge, akifa au akiacha kiti, uchaguzi wa kujaza nafasi yake ulipwe na nani? Mimi nilisema leta, yaani serikali. Wenzangu wakasema chama chake, au yeye mwenyewe.

MJOMBA: Kwanza niambie, umewahi kuona uchaguzi wa namna hiyo hapa Uvira?

MPWA: Sijawahi.

MJOMBA: Si rahisi uuone. Sheria yetu ya uchaguzi ya 2006 inamtaka kila mgombea aje na suplea wawili, wa kumrithi kitini. Depite akifa, wa kwanza anaingia. Huyo naye akikosekana, wa pili. Mpaka waishe wote ndipo raia waitwe tena kupiga kura.

MPWA: Basi sisi tumeshatatua. Hakuna uchaguzi, hakuna gharama.

MJOMBA: Pesa imeokolewa, sikatai. Kupandisha mashine za kura mpaka Bijombo, juu kule milimani, na betri zake na askari wa kuzilinda, si kazi ya franki mbili. Lakini hebu nitajie suplea wawili wa depite uliyempigia kura Desemba 2023.

MPWA: ... Siwajui.

MJOMBA: Na wewe unasoma sheria! Mama anayeanika ndagala hapo mbele atawajua? Kwenye mabango ya kampeni picha ni ya mkubwa peke yake. Nchi nzima inajua kwamba suplea mara nyingi ni mke, mtoto au mdogo wake. Kwa hiyo gharama ipo, ila imehamishwa. Badala ya hazina kutoa pesa, mpiga kura ametoa haki yake ya kuchagua, na hakuna aliyempa risiti.

MPWA: Lakini jina la suplea liliwekwa tangu mwanzo. Aliyempigia kura depite amempigia na suplea.

MJOMBA: Kwa kifo nakubaliana nawe. Mtu hakupanga kufa. Anayenisumbua ni yule anayeondoka kwa miguu yake. Zamani depite akipokea uwaziri, kiti kilimtoka moja kwa moja. Januari 2011 wakarekebisha ibara ya 110 ya Katiba: sasa ubunge wake unasimamishwa tu. Suplea anamkalia kiti, na siku waziri akifukuzwa anarudi, suplea anainuka. Ukiweka mdogo wako hapo, huna wasiwasi. Ukiweka mtu baki, huenda akazoea.

MPWA: Wafaransa nao wana suplea, tulisoma.

MJOMBA: Wanao, na waziri wao pia hurudi kitini. Ila wao wanatazama sababu ya kuondoka. Depite wao akifa, suplea anaingia. Akijiuzulu kwa hiari yake, raia wanarudi kwenye sanduku. Sisi tulichukua suplea, tukaacha hiyo tofauti.

MPWA: Sasa huyo aliyejiuzulu kwa hiari, kwa nini asilipie uchaguzi aliousababisha? Angalia Tanzania.

MJOMBA: Haya, twende Tanzania. Kwao hakuna suplea wa mbunge wa jimbo. Desemba 2017 mbunge wa Kinondoni kwa CUF, Maulid Mtulia, alijiuzulu akahamia CCM. Tarehe 17 Februari 2018 ukafanyika uchaguzi mdogo, na mgombea wa CCM akawa nani? Mtulia huyo huyo. Akashinda, akarudi Bungeni kwenye kiti alichokiacha. Siku ileile, Siha, Godwin Mollel aliyekuwa wa Chadema akafanya vilevile. Septemba ikafuata Ukonga na Mwita Waitara. Kila mara hazina ikatoa pesa za karatasi, wino, magari, polisi. Na siku moja kabla ya kura ya Kinondoni, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji. Hiyo gharama utamwandikia nani?

MPWA: Ndiyo nasema! Alipe yeye, au chama kilichompokea.

MJOMBA: Hapo ndipo wenzako wanapopotea. Mwambie mwenye pesa kwamba akilipa anaruhusiwa kuondoka na kurudi, umeshamtajia bei. Atalipa huku anacheka. Chama kinachotawala kitalipa, na huwezi kujua kimetoa mfuko upi. Chama kidogo chenye depite mmoja hakitaweza, hivyo mtu wake atafungwa kitini hata akiwa mgonjwa. Halafu siku ya kura, mwenye kulipa wino atataka pia kumchagua mwenye kuushika. Mimi nimekaa kwenye vituo hivyo, najua mashahidi wa vyama wanavyokutazama ukihesabu. Fikiria kama ndio wamekulipa.

MPWA: Kwa hiyo leta ilipe kila mara, na wachezaji waendelee kucheza?

MJOMBA: Leta ilipe kila mara, kwa sababu kura ni ya raia. Lakini aliyeacha kwa hiari jina lake lisiwe kwenye karatasi mpaka uchaguzi mkuu. Mtulia angejua hilo, unadhani angetoka?

MPWA: Huo ni ukali, Mjomba. Ibara hiyohiyo ya 110 inasema depite akikihama chama chake kwa hiari amepoteza kiti. Mtu anaweza kuona chama kimeoza, akatoka kwa dhamiri, akataka raia wamhukumu. Wewe unamfungia huyo mwaminifu pamoja na mfanyabiashara.

MJOMBA: Namfungia, ndiyo. Dhamiri inaweza kusubiri miaka miwili, mitatu. Biashara haisubiri.

MPWA: Na pale ambapo kosa si la mtu mmoja? Masimanimba na Yakoma?

MJOMBA: Hayo ni mengine. Januari 2024 CENI, tume yetu ya uchaguzi, ilifuta uchaguzi wa sehemu hizo mbili kwa sababu ya wizi, raia wakarudi kupiga kura tarehe 15 Desemba 2024. Karibu mwaka mzima bila mwakilishi. Pale hata mimi ningependa mahakama imshike mwizi aliyethibitishwa, alipe. Si ada ya uchaguzi, ni fidia ya uharibifu. Lakini kura isisubiri kesi iishe. Kuna Masisi na Rutshuru, ambako Desemba 2023 hawakupiga kura kabisa kwa sababu ya vita. Hapo hata ukileta gunia la dola, huna pa kuweka sanduku.

MPWA: Kuna mwenzetu alisema kiti kimoja kikikaa wazi hakuna atakayekufa.

MJOMBA: Mwambie aulize Banissa, kaskazini mwa Kenya. Mbunge wao alifariki Machi 2023. Tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna mpaka Julai 2025, kura ikaja tarehe 27 Novemba 2025. Zaidi ya miaka miwili na nusu. Sasa kumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulivyofurika ukabeba nyumba na watu. Wazia kwamba wiki ile Kinshasa hakuna mtu wa kusimama na kutaja Uvira.

MPWA: Sawa. Lakini sheria unayoitaka itapitishwa na madepite haohao, ambao suplea wao wanakula nao chakula cha jioni.

MJOMBA: Ibara ya 27 ya Katiba uliisoma?

MPWA: Ya malalamiko ya raia kwa mamlaka? Inapaswa kujibiwa ndani ya miezi 3.

MJOMBA: Basi leta karatasi. Anza na suplea: picha yake na jina lake viwe kwenye bango, kwa ukubwa uleule wa bosi wake. Hilo halina gharama, watakosa kisingizio cha bajeti.