Krimu Inayoondoa Chunusi kwa Siku Tatu, Iogope

Wadogo zangu, swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Dada, nipake nini chunusi ziishe haraka?" Leo tukae tulizungumze kwa kituo, kwa sababu haraka hiyo imewaharibia nyuso wasichana wengi kuliko chunusi zenyewe.

Nianze na kile kikopo kidogo kisicho na lebo, unachouziwa saluni au mtaani, na muuzaji anakuapia kuwa ni mitishamba mitupu. Ulikipaka Ijumaa, Jumatatu uso ukawa laini, shoga zako wakakusifia. Mara nyingi ndani yake kuna steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, dawa ambazo daktari humwandikia mgonjwa wa ukurutu na maradhi mengine ya ngozi, kwa muda mfupi na kwa uangalizi. Steroidi huzima uvimbe, ndiyo maana chunusi hunywea upesi. Lakini kilichozileta bado kipo palepale. Ukiendelea nayo, ngozi inakuwa nyembamba, vinyoya vinaota mashavuni, na vinatoka vipele vidogo vingi vinavyolingana. Ukiacha, uso unawaka na kuvimba, na unaona afadhali urudi kwenye kikopo. Hapo ndipo watu wanaponasa, wengine kwa miaka.

Mikorogo mingine ina zebaki, ambayo hupenya kwenye ngozi, ikaingia mwilini na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeagiza vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki viondolewe sokoni, lakini bado vinauzwa. Naomba usivipake, hata kama aliyekuletea ni mtu unayempenda.

Sasa chunusi yenyewe. Kila kinyweleo kina tezi inayotoa mafuta. Mtu anapobalehe, homoni huzichochea tezi hizo zitoe mafuta mengi zaidi. Mafuta yakichanganyika na seli za ngozi zilizokufa, kinyweleo kinaziba, bakteria wanaoishi humo wanazidi, na mwili unapopambana nao ndipo unapoona uvimbe na usaha. Shughuli yote hiyo huanza wiki kadhaa kabla hujaona chochote kwenye kioo. Kwa hiyo kupaka dawa juu ya chunusi moja iliyokwisha kutoka ni kuchelewa. Dawa hupakwa sehemu yote inayotoka chunusi, na matokeo ya kweli huanza kuonekana baada ya wiki sita hadi nane. Kabla ya wiki kumi na mbili usiseme imeshindwa.

Na wale wanaokuambia "ukiolewa zitaisha" au "huogi vizuri", waache na maneno yao. Chunusi haziletwi na uchafu wala na useja. Kusugua uso kwa dodoki na sabuni ya kufulia mara tano kwa siku kunaichubua ngozi na kuzidisha uvimbe. Osha mara mbili kwa siku, na tena ukitoka jasho jingi, kwa sabuni laini isiyo na manukato makali, ukitumia vidole tu.

Kwa chunusi za kawaida, dawa mbili ndizo ningekutajia kwanza, nazo utaziulizia kwa mfamasia, dukani kwake. Moja ni benzoili peroksaidi, inayoua wale bakteria. Chagua ya asilimia 2.5 au 5, kwani ile ya asilimia 10 inaunguza zaidi bila faida kubwa ya ziada. Angalia pia, inaondoa rangi ya nguo, kwa hiyo lalia foronya nyeupe na uiweke mbali kanga yako nzuri. Ya pili ni adapalini ya asilimia 0.1, inayozuia vinyweleo kuziba. Hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, juu ya ngozi iliyokauka. Wiki za mwanzo ngozi itakauka, itabanduka kidogo, na pengine chunusi zitaonekana zimeongezeka. Usikate tamaa hapo. Paka siku moja, ruka moja au mbili, tia losheni nyepesi isiyoziba vinyweleo, kisha uongeze taratibu. Ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, usiiguse adapalini. Mwulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki, ambayo mjamzito huruhusiwa, na ambayo husaidia pia kufifisha madoa.

Antibayotiki ya kupaka, kama klindamaisini, isitumike peke yake. Bakteria huizoea, na mwishowe inakuwa haifanyi kazi.

Ukiona chunusi zimejaa kwenye paji la uso na kando ya nywele, shuku mafuta ya nywele kwanza. Mafuta mazito ya kupaka kichwani hushuka usoni kwa joto na jasho, hasa ukiwa umesukwa na unajipaka kila asubuhi. Paka kwenye ngozi ya kichwa tu, mbali na paji, na ufunge kitambaa safi usiku. Wavaa ushungi, badilisheni ile kofia ya ndani kila siku, maana inashika jasho na kusugua ngozi. Lakini kama vipele vya pajini au kifuani vinalingana na vinawasha sana, huenda ni fangasi, jambo la kawaida kwenye joto na unyevu wa pwani, na dawa za chunusi hazitavitibu.

Limau na dawa ya meno, hapana kabisa. Limau likikaa kwenye ngozi ukatoka juani, linaweza kukuachia jeraha la kuungua na doa la miezi. Liwa ya bibi, iliyosagwa kwenye jiwe na maji safi, sina ugomvi nayo. Tunaipenda na wengi haiwadhuru. Ila isichukue nafasi ya dawa.

Madoa meusi ndiyo yanayowaumiza mioyo wengi kuliko chunusi zenyewe, nami nawaelewa. Ngozi yetu ikiumia hutengeneza rangi ya ziada, na ukiminya chunusi unaongeza jeraha. Madoa mengi hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, mradi chunusi mpya zikome na uso ukingwe na jua. Losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi ni ya weusi pia.

Kwenye chakula sitakunyima karanga. Soda na vitu vitamu sana vinaweza kuchangia kwa baadhi ya watu, na vijana wa mazoezini wanaokunywa unga wa protini ya maziwa wajichunguze.

Zipo chunusi ambazo si za kujitibu nyumbani: mavimbe makubwa yenye maumivu, zinazoacha mashimo au makovu yanayovimba, au zinazokuja pamoja na hedhi isiyoeleweka na ndevu kidevuni. Hizo mpelekee daktari wa ngozi. Kama zilianza baada ya sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, mweleze, lakini usiache kabla hamjazungumza. Usifikiri ni lazima ufike hospitali kubwa ya Dar au Nairobi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990, na wahitimu wake wametawanyika hadi hospitali za mikoani. Siku ya kwenda, chukua kila ulichopaka, na kile kikopo kisicho na lebo kitie kwenye mkoba bila aibu. Kama kina steroidi, mtaalamu atahitaji kukuachisha kwa utaratibu, na hawezi kufanya hivyo usipomwonyesha.