KESHENI NA KUOMBA

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita ya Kongo. Huko chakula kiligawiwa kwa kipimo.

Tuseme mtoto amepimiwa unga kupita haki yake. Njaa yamwambia, "Nyamaza!" Lakini walio nyuma watapungukiwa. Na afanye nini? Na amwombe Mungu nguvu, kisha aurudishe pale pale, kabla hajafika nyumbani; maana kwenye chungu jaribu huzidi.

Katika Gethsemane Bwana Yesu aliwaagiza wanafunzi wake wakeshe na kuomba. Petro alilala, na kabla jogoo hajawika alimkana mara tatu.

Basi, aombaye kulindwa na yule mwovu, asikae mlangoni pake.

Maswali:
1. Kwa nini unga urudishwe upesi?
2. Petro alikosa nini?