Mnunuzi Akitaja Bei ya Chini kwa Simu

Siku hizi wengi wetu tunauza mazao kwa simu. Tunapiga picha maharage yetu, tunaituma kwenye kundi la WhatsApp na kuandika bei: kilo shilingi 2,000. Mara mnunuzi anajibu: "Nina 1,200, nakuja leo leo." Tufanyeje?

Tusikasirike. Hakututukana, anajaribu tu. Tushike kalamu na daftari kabla ya kumjibu. Tuandike gharama zote: mbegu, mbolea, dawa, vibarua, magunia. Tuseme ni shilingi 150,000 kwa gunia la kilo 100. Basi kila kilo imetugharimu 1,500. Tukikubali 1,200 tutapata 120,000. Hasara ni 30,000, na jasho letu wenyewe hatujalihesabu!

Kisha tuulize bei ya sokoni kwa watu wawili watatu. Pengine kweli imeshuka. Kama haikushuka, tumjibu kwa adabu: "Ndugu, 1,200 hailipi. Mwisho wangu 1,800." Akinyamaza, tumwache. Pengine atarudi jioni. Wala tusiandike kwamba tuna shida ya ada ya mtoto. Mnunuzi akijua hivyo, atangoja tulegee.

Wengine hukubali 1,800, lakini wakifika wanataka lumbesa. Huko nako ni kushusha bei! Tukijaza kilo 120 kwa fedha ya kilo 100, tumeuza kilo kwa 1,500 tu. Tupime kwa mizani, palepale, yeye akiona. Akituonyesha ujumbe kwamba amelipa, tuangalie kwanza salio katika simu yetu, ndipo gunia lipande pikipiki.