Mbwa Anayechechemea

Wengi wetu tuna mbwa nyumbani wa kulinda boma. Akizeeka na kuanza kuchechemea, twasema amekuwa mvivu. Mimi nami nilisema hivyo juu ya mbwa wetu Simba, mwenye umri wa miaka kumi. Kila asubuhi aliinuka kwa taabu, na jua likipanda akapata nafuu. Nikamwonea huruma, nikampa nusu kidonge cha ibuprofeni cha nyumbani. Usiku ule alitapika damu. Baba alikata shauri adungwe sindano ya kufa, akamwita daktari wa mifugo. Lakini daktari alisema mbwa huyu aweza kusaidiwa. Aliyonifundisha ndiyo haya.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Mifupa inapokutana kwenye kiungo, ncha zake zimefunikwa kwa gegedu, ambayo ni laini na huteleza. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikilika haiponi vizuri. Kiungo huvimba, hukakamaa na kuuma. Hii ndiyo baridi yabisi ya uzee. Haiondoki kabisa, bali maumivu yake hupunguzwa.

Pili, kuutambua mguu mbovu. Mtembeze mbwa polepole mahali tambarare, ukikitazama kichwa chake. Ikiwa mguu wa mbele ndio unaouma, atakiinua kichwa mguu huo ugusapo chini, na atakiinamisha akanyagapo kwa ule mzima. Kisha tazama wayo, maana huenda ni mwiba tu. Kupe nao huleta homa inayoweza kuvimbisha viungo. Kwa hiyo si kila kuchechemea ni uzee. Tena uwe mwangalifu, kwani hata mbwa mpole huuma akiguswa penye maumivu.

Tatu, matibabu. La kwanza ni kumpunguza mbwa mnene. Huko Marekani wataalamu waliwalea mbwa 48 wa aina ya Labrador, nusu yao wakipewa chakula pungufu kwa robo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba wale waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na baridi yabisi iliwachelewa. Ukipapasa ubavu wa mbwa wako, yafaa uzihisi mbavu bila kubonyeza sana.

La pili ni matembezi mafupi kila siku. Kumfunga siku sita na kumkimbiza siku ya saba ni kumtesa. La tatu ni malazi makavu: gunia nene, wala si sakafu tupu ya saruji.

La nne ni dawa, nayo ni kazi ya daktari. Ziko dawa za mbwa, kama kaprofeni na meloksikamu, zinazotolewa kwa kipimo cha uzito wake. Vidonge vyetu ni hatari: ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, parasetamoli ikizidi huharibu ini na damu yake.

Tumbo la Simba lilipopona ndipo alipoandikiwa dawa yake. Hakimbii kama zamani, lakini akisikia nyayo langoni usiku huinuka na kubweka.

Wenzangu, mwendapo likizo, watazameni mbwa wenu wanapoamka asubuhi. Mnyama hana ulimi wa kusema anaumwa wapi. Husema kwa mwendo wake. Na kabla ya kumpa dawa yo yote, muulizeni kwanza daktari wa mifugo.