Somo la Afya: Nani Anaruhusiwa Kukupima Macho?

Wanakikundi wapendwa, hapa Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa, mtu aweza kununua miwani kama anayenunua nyanya. Vijana nao wanaulizia lenzi, vile vipande laini vinavyovaliwa ndani ya jicho. Tujifunze.

1. Daktari hawezi kufanya kila kazi. Humkabidhi mwingine aliyesomea, kama afisa wa kliniki wa macho. Hilo si kosa. Lakini aliyekabidhiwa sharti awe na leseni. Maafisa wa kliniki huandikishwa na baraza lao, chini ya sheria ya mwaka 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya 1988. Usione haya: omba kuiona leseni.

2. Muuzaji si mpimaji. Waweza kuvaa miwani ya barabarani na kuridhika, kumbe presha ya macho inakula jicho polepole bila maumivu. Nuru iliyopotea hivyo hairudi.

3. Lenzi hupimiwa jicho la mwenyewe. Isiyotoshea hukwaruza na kuleta vidonda. Usiazime, usiioshe kwa maji ya mfereji, usilale nayo bila ruhusa ya aliyekupima. Jicho likiwa jekundu au likiuma, ivue, wende hospitali siku hiyo hiyo.

Tujadiliane: Katika kikundi chetu, nani amevaa miwani bila kupimwa? Tutamsaidiaje kufika kliniki ya macho mwezi huu?